LIKIZO KANDO YA ZIWA KIVU: TUPUMZIKE TUKIJUA
(Somo la jeografia kwa ajili ya likizo kubwa)



Likizo kubwa iko karibu. Wengi wetu tutarudi kwetu, na wengine tutaitwa na mjomba, shangazi au dada mkubwa anayekaa kando ya Ziwa Kivu: Goma, Sake, Minova, Kalehe, Idjwi ao Bukavu. Kila mwaka, mitihani ikikaribia kwisha, tunasikia maneno ileile mabwenini: "Miye nitaenda kupumzika ku ziwa." Ni maneno mazuri. Mtu aliyesoma mwaka mzima anahitaji kupumzika, na ziwa letu ni mahali pazuri sana kwa kazi hiyo. Lakini tukiuliza, "Lile ziwa unalijua?", wengi wanacheka tu.

Ndiyo sababu sisi wa kikundi cha jeografia tumeandika somo hili. Tunataka kuonyesha jambo moja tu: uzuri wa Ziwa Kivu na hatari yake vimetoka tumbo moja. Mama yao ni mlima wa moto, uleule ulio ndani ya Parke ya Virunga. Anayejua jambo hili anapumzika vizuri. Asiyejua anaweza kulala usiku na asubuhi asiamke. Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Mtasoma wenyewe.

1. Kupumzika si kazi ya matajiri tu

Wengine wanafikiri ya kwamba kukaa kando ya ziwa ni mambo ya wageni na wakubwa wenye hoteli na viti vya kitambaa. Sivyo. Ziwa linapumzisha kila mtu, na bila kulipisha.

Tuangalie kwanza hewa. Ziwa Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kwa hiyo joto lake si kali kama kule Uvira au Kalemie. Mchana jua ni zuri, jioni unatafuta shuka. Halafu tuangalie maji. Katika Ziwa Kivu hakuna mamba na hakuna kiboko, si sawa na Ziwa Edward ambako viboko wanakaa, ao Tanganyika ambako mamba wanakaa. Mtoto wa Kivu anajifunza kuogelea bila kuogopa mnyama.

Halafu kuko chakula. Jua likianza kuzama, wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wanapiga kasia wakiimba, na usiku unaona taa zao juu ya maji kama mji mwingine. Samaki wadogo wanafuata taa, wavu unapandishwa, na asubuhi mama zetu wanauza sambaza kwenye mwalo. Sambaza wa kukaanga na bugali ya moto: nani atakataa?

Lakini wengi hawajui kama sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Zamani ziwa hili lilikuwa na aina chache sana za samaki, na katikati ya maji hapakuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu walileta samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika, wakawatupa humu. Wakazaa, wakajaa. Leo sambaza inalisha familia nyingi za Congo na za Rwanda. Kwa nini ziwa kubwa namna hii lilikuwa na samaki wachache? Jibu liko katika sehemu ya pili.

2. Ziwa lilizaliwaje

Nchi yetu ya mashariki imekaa juu ya ufa mkubwa wa dunia. Ardhi inavutwa pande mbili, polepole sana, na katikati inashuka. Ndani ya bonde hilo ndimo maziwa yetu yamejipanga: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika.

Zamani za kale maji ya bonde la Kivu yalikuwa yanaelekea kaskazini. Yaliingia upande wa Ziwa Edward, na kutoka kule yalifuata njia ya mto Nile mpaka bahari ya Misri. Kisha milima ya moto ya Virunga ikatokea katikati ya bonde. Ikatapika mawe ya moto, ikajenga ukuta mkubwa. Maji yakakosa njia. Yakapanda, yakajaa mabonde madogo yote, na vilele vya vilima vikabaki kama visiwa. Ndiyo maana pwani ya Kivu iko na vidole vingi na visiwa vingi, na Idjwi ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote.

Mwisho, maelfu ya miaka iliyopita, maji yakapata mlango upande wa kusini, pale Bukavu ilipo sasa. Yakatoka kwa nguvu. Huo ndio mto Ruzizi. Unashuka karibu mita 700 mpaka Tanganyika, na nguvu ya kushuka kwake ndiyo inayozungusha mashini za umeme za Ruzizi. Kutoka Tanganyika maji yanapita Lukuga, yanaingia mto wetu mkubwa wa Congo, na yanafika bahari ya Atlantiki pale Moanda.

Wenzetu, tufikiri kidogo. Volkano zimelitoa ziwa zima katika Nile na kulitia katika Congo! Ziwa Kivu ni mtoto wa milima. Na kwa kuwa milima ililisumbua sana katika maisha yake, samaki wengi hawakupata nafasi ya kukaa na kuongezeka humo.

Tuweke hesabu chache katika daftari: Ziwa Kivu liko na eneo la kilometa za mraba karibu 2,700 pamoja na visiwa vyake. Shimo lake la chini kabisa linapita mita 480. Maana yake, ukilundika gorofa 100 moja juu ya ingine, bado hazitatokea juu ya maji.

3. Mlima ulio nyuma ya ziwa

Ukikaa Goma kando ya maji na kugeuza uso kaskazini, unaona Nyiragongo, mita 3,470. Usiku mara nyingi mawingu yake yalikuwa mekundu, kwa sababu kwa miaka mingi ndani ya shimo lake kulikuwa ziwa la moto. Jirani yake ni Nyamulagira, ambao unatapika mara kwa mara. Upande wa mashariki kuko Mikeno na Karisimbi, milima mirefu kuliko hiyo miwili, iliyolala.

Milima hii yote iko ndani ya Parke ya Taifa ya Virunga ao inagusa mpaka wake. Parke hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 wakati wa Wabelgiji, ikiitwa Parke Albert. Ni ya kwanza katika Afrika nzima. Mwaka 1969 ilipewa jina la Virunga. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikaiandika tena katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa sababu ya vita na wakimbizi. Inaanzia karibu na Ziwa Kivu na kwenda kaskazini, inapita Ziwa Edward, inafika mpaka theluji ya Ruwenzori. Hata kisiwa cha Tchegera, kilicho ndani ya Ziwa Kivu chenye umbo la mwezi mchanga, ni cha parke. Umbo lile si la bahati: ni ukingo wa shimo la volkano ya kale ambao umebaki juu ya maji.

Katika misitu ya Mikeno wanakaa magorila ya mlima. Katika dunia nzima yanapatikana katika nchi tatu tu: Congo, Rwanda na Uganda. Yote pamoja yanapita kidogo 1,000. Hesabu hii ni ndogo kuliko wanafunzi wa shule kubwa mbili za mji.

Basi mlima unatupa vitu vingi: udongo mweusi unaozaa maharagi, viazi na mboga, mvua, misitu, na ziwa lenyewe. Lakini mlima uleule unadai heshima. Mara tatu ambazo wazazi wetu wanakumbuka:

- Tarehe 10 Januari 1977, pande za Nyiragongo zilipasuka, na ziwa la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Moto ulikimbia kuliko mtu anayekimbia. Vijiji vikaungua na watu wengi wakafa.
- Tarehe 17 Januari 2002, moto uliingia Goma, ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Zaidi ya watu 100,000 walikosa nyumba.
- Tarehe 22 Mei 2021, jioni, moto ulishuka tena na kusimama pembeni ya mji. Watu wapatao 30 walikufa. Siku tano baadaye serkali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, na watu mia elfu kadhaa wakatoka, wengi kwa miguu kuelekea Sake.

Kwa nini watu walihamishwa wakati moto umekwisha kusimama? Kwa sababu wataalamu waliogopa moto uliokuwa unatembea chini ya ardhi kuelekea ziwa. Hapa tunafika kwenye kiini cha somo.

4. Mazuku: hewa inayoua bila kelele

Volkano haitoi mawe ya moto tu. Inatoa pia gesi. Moja ya gesi hizo inaitwa gesi kaboniki, ileile inayotoa mapovu katika limonadi. Katika limonadi haina neno. Lakini katika ardhi ya Goma, Sake na karibu na Ziwa la Kijani, inatoka katika nyufa za mawe na kujaa mahali pa chini. Watu wa kwetu wanaiita mazuku.

Tujifunze tabia yake vizuri:

Kwanza, haina rangi wala harufu. Macho hayaioni, pua haiisikii.

Pili, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo inakaa chini kama maji yanavyokaa ndani ya sahani. Juu hewa ni nzuri, chini ni kifo.

Tatu, inajikusanya zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo. Jua likipanda na upepo kuanza, mara nyingi inatawanyika. Shimo ulilopita salama saa saba ya mchana linaweza kukuua saa kumi na moja ya alfajiri.

Nne, ikiwa nyingi inaua kwa muda mfupi sana. Ikiwa kidogo, kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, na pumzi inakuwa fupi.

Sasa mfikiri: baba anapita na mtoto wake katika bonde dogo. Kichwa cha baba kiko juu ya mazuku, anapumua vizuri. Kichwa cha mtoto kiko ndani yake. Baba hajui kitu mpaka mtoto anaanguka. Anainama kumwokota, na yeye vilevile anaanguka. Ndivyo mazuku inavyochukua watu wawili, watatu, wanne wa nyumba moja. Mbuzi, mbwa na ndege wanakufa hivyohivyo, na maiti zao ndizo alama ya kwanza ya kuangalia.

Kwa hiyo, wewe unayeenda likizo, shika amri hizi:

a) Ukifika mahali mapya, uliza wenyeji kabla ya kuzunguka: "Mama, huku iko mazuku?" Usione haya. Mama wa pale anajua kila shimo. Na ukiona kibao cha kukataza, usipite.

b) Usilale, usikae, usijisaidie katika shimo, bonde dogo ao mfereji mkavu wa mawe meusi, zaidi sana usiku na asubuhi mapema. Kando ya maji pia kuko mahali ambapo gesi inatoka. Usitafute kijificho cha kuoga chini ya mawe usikokujua.

c) Ukiona wadudu, mijusi ao ndege wamekufa pamoja mahali pamoja, ao taa inazimika ukiishusha chini, rudi juu mara moja.

d) Mtoto mdogo mbebe mgongoni, usimwache atembee katika mabonde ya namna ile.

e) Mtu akianguka ndani ya shimo, usirukie! Hii ndiyo amri ngumu kuliko zote, kwa sababu roho inakuvuta. Piga kelele, ita watu, tafuta kamba ao mti mrefu, mvute ukiwa umesimama juu. Akitoka, mlaze mahali pa juu penye upepo na mpelekeni haraka kwa daktari. Anayeruka ndani bila akili haokoi mtu, anaongeza maiti.

5. Chupa kubwa chini ya maji

Gesi ileile inaingia pia ndani ya ziwa, kwa chini. Wataalamu wamepima: katika maji ya chini ya Kivu kuko kilometa za ujazo karibu 300 za gesi kaboniki na karibu 60 za gesi nyingine inayoitwa metani, ambayo inawaka moto. Kwa nini haipandi? Chukua chupa ya limonadi iliyofungwa. Unaona mapovu? Hapana. Kifuniko kinaishikilia gesi ndani ya maji. Katika ziwa, kifuniko ni uzito wa maji ya juu. Tena maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, hayapendi kupanda kuchanganyika na ya juu. Ndiyo maana kule chini samaki hawawezi kuishi. Wanakaa katika maji ya juu tu.

Kuko ziwa moja dogo katika Kameruni, linaitwa Nyos. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, kifuniko chake kilifunguka. Gesi ikatoka, ikashuka katika mabonde, na watu karibu 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Ziwa Kivu ni kubwa sana kuliko Nyos, na kando yake wanakaa watu milioni.

Je, tuogope kuogelea? Hapana. Maji ya juu ya ziwa kubwa ni mazuri, na wataalamu wanasema kifuniko cha Kivu ni kigumu. Hakifunguki kwa mawimbi wala kwa mvua. Kungehitajiwa msukosuko mkubwa sana, kwa mfano moto wa volkano kupasukia chini kabisa ya ziwa. Kwa sababu hiyo watu waliogopa mwaka 2021. Mahali pa kuangalia zaidi ni ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, maana pale gesi haiko mbali chini. Inaanza katika mita kumi na kidogo tu.

Na hapa tuone tena jinsi baraka na hatari vinavyotembea pamoja. Metani ikitolewa kwa akili, inakuwa umeme. Majirani zetu wa Rwanda wameweka mashini juu ya maji karibu na Karongi, na tangu 2016 inatoa umeme wa megawati 26 hivi. Gesi ni yetu pamoja nao, maana ziwa ni moja. Sisi wanafunzi wa leo ndio mafundi wa kesho. Nani kati yetu atasoma kemia kwa ajili ya Kivu?

6. Maji hayana mchezo

Watu wengi wanaopotea ziwani hawapotei kwa gesi. Wanapotea kwa haraka na kwa mizigo. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova na watu wengi kupita kiasi ilizama karibu na mwalo wa Kituku, pale Goma, watu wa mji wakiiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Wengi walipanda mashua kwa kuwa vita ilikuwa imekata barabara.

Basi: usipande mtumbwi uliojaa, hata kama rafiki zako wote wamepanda. Vaa jile ya kuelea, na kama hakuna, ngoja mwingine. Upepo wa ziwa unaanza bila kuaga. Ukiona maji ya mbali yanakuwa meusi, rudi pwani. Usiogelee peke yako. Usiogelee ukitoka kula sana. Na anayesema "miye najua maji" ndiye anayefaa kukumbushwa kwanza.

7. Si kila anayelala kando ya ziwa ako likizoni

Hatuwezi kuandika juu ya kupumzika na kunyamaza jambo hili. Katika miaka ya 2023 na 2024, mahali pazuri pa pwani kama Bulengo, magharibi ya Goma, palijaa vibanda vya wakimbizi wa vita kutoka Masisi na Rutshuru. Walilala juu ya mawe makali ya volkano, chini ya mashuka ya plastiki, na mazuku ikawa jirani yao. Waliona ziwa lilelile, machweo yaleyale. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, kambi zikavunjwa, na watu wale wakatawanyika tena.

Tunasema hivi kwa nini? Kwa sababu anayepata likizo amepata kitu ambacho jirani yake hakupata. Ukimkuta mtoto wa mkimbizi kwenye mwalo, mfundishe amri za mazuku ulizosoma hapa. Haitakugharimu hata frangka moja, na inaweza kumwokoa.

Walinzi wa parke pia wanalipa deni ya vita. Tangu miaka ya 1990 zaidi ya 200 wameuawa. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, 12 waliuawa karibu na Rumangabo.

8. Mlima unahitaji nini kwetu

Jioni, ukila sambaza yako, angalia chini ya sufuria. Ni makala. Yametoka wapi? Mengi ya makala yaliyopikia Goma yalikatwa ndani ya parke. Julai 2007 magorila kadhaa ya mlima yalipigwa risasi na kuachwa palepale. Biashara ya makala ilitajwa kuwa sababu. Msitu ukiisha, udongo unateremka ziwani, chemchemi zinakauka, na mvua inabomoa mashamba ya chini.

Lakini tusihukumu haraka. Mama anayenunua makala hana chaguo: lazima watoto wale. Na wakulima wa kando ya parke wanasema ardhi ya babu zao ilichukuliwa bila wao kuulizwa. Hayo ni maneno ya kweli yanayotaka jibu la kweli, si risasi. Njia moja imeanza kuonekana: mito ya parke inatoa umeme. Mashini ya Matebe, Rutshuru, ilianza kazi mwaka 2015 kwa nguvu ya megawati 13 hivi, na nyumba nyingi za Goma zimewaka kwayo. Anayepika kwa umeme hanunui msitu. Anayetumia jiko lililojengwa vizuri kwa udongo anatumia makala kidogo. Na sisi tunaweza kuanza na lile jiko wakati wa likizo yenyewe, nyumbani kwa shangazi.

9. Siku moja ya kupumzika vizuri

Ili somo lisibaki katika daftari, tunapendekeza siku moja hivi:

Asubuhi, usikimbilie maji. Ngoja jua litoke na upepo uanze. Enda kwenye mwalo, saidia kuanika sambaza, uliza wavuvi usiku ulikuwa namna gani. Kabla ya saa sita ogelea pamoja na wenzako, mahali ambapo watu wote wanaoga. Mchana, lala kivulini mahali pa juu. Kulala mchana si uvivu kwa mtu aliyechoka. Baadaye tafuta mzee aliyeona 1977 ao 2002, umwombe akuhadithie: moto ulipita wapi, walikimbilia wapi, waliacha nini. Andika. Vitabu vyetu havina habari hizo, na wazee hawatakaa siku zote. Jioni, kaa kando ya maji, tazama mlima, usifanye kitu. Hiyo nayo ni kazi ya likizo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji ya Kivu yanaenda Atlantiki leo na si bahari ya Misri?
2. Eleza kwa nini mazuku inamwangusha mtoto mbele ya baba yake.
3. Rafiki yako ameanguka ndani ya shimo. Utafanya nini kwanza? Hutafanya nini?
4. Ziwa Kivu na chupa ya limonadi vinafanana wapi? Vinatofautiana wapi?
5. Kwa mabishano ya darasa: mkulima asiye na shamba na mlinzi wa parke wanakutana kwenye mpaka. Kila mmoja aseme haki yake. Nani atawapatanisha, na kwa njia gani?

Majibu ya swali la 5 na hadithi za wazee zitasomwa mwezi wa tisa. Likizo njema, wenzetu. Pumzikeni sana, na tuonane wote darasani, bila kukosa hata mmoja.

Kikundi cha Jeografia